Jinsi ya Kuwapima Watumishi wa Afya Wasio na Dalili za UVIKO-19

Aliyeambukizwa virusi vya korona huweza kuanza kuwaambukiza wengine takriban siku mbili kabla hajahisi homa wala kikohozi, na wapo wasiopata dalili kabisa. Mwezi Aprili 2020, hospitali ya Addenbrooke's mjini Cambridge, Uingereza, iliwapima watumishi zaidi ya 1,000 waliokuwa kazini wakijiona wazima, na takriban asilimia 3 wakakutwa na virusi. Walipohojiwa upya, baadhi yao walikumbuka kuwa waliwahi kupata dalili hapo nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kumpima mtu, muulize dalili moja moja: koo, mafua, uchovu, kupotewa na harufu. Ukimuuliza tu kama anaumwa, mtu aliyezoea kuingia zamu akiwa na mafua atakujibu kuwa ni mzima.

Kabla vipimo havijaagizwa, uongozi wa hospitali uamue nani atashika zamu ya atakayekutwa na virusi, na kama mshahara na posho zake vitaendelea kulipwa akiwa amejitenga. Kwa maoni yangu jambo hili ni zito kuliko uchaguzi wa kipimo chenyewe, kwa kuwa mtumishi anayejua kwamba jibu litampunguzia kipato atapata udhuru kila siku ya kupimwa. Orodha isiishie kwa madaktari na wauguzi. Wafanya usafi, wabeba machela na wagawa chakula huingia wodi nyingi zaidi kwa siku moja.

Kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi maabara, hunasa hata virusi vichache, lakini jibu linalotoka baada ya siku tatu humkuta mhusika ameshahudumia wodi nzima. Ndiyo maana Uingereza, kuanzia Novemba 2020, iliwagawia watumishi wanaohudumia wagonjwa vipimo vya haraka vya antijeni, yaani vinavyotafuta protini za virusi, wajipime wenyewe nyumbani mara mbili kwa wiki. Maabara ikielemewa na PCR, sampuli za watu kadhaa huweza kuchanganywa na kupimwa pamoja, kama ilivyofanyika Rwanda, na kila mmoja akapimwa peke yake pale tu mchanganyiko unapoonyesha virusi.

Anayejipima kwa antijeni apenge kamasi kwanza, anawe mikono, kisha aingize kijiti cha pamba puani kiasi cha sentimita 2 na kukizungusha kikigusa ukuta wa pua, mara tano hivi kila tundu, kwa kufuata karatasi ya maelezo ya kipimo husika. Jibu lisomwe ndani ya muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni kati ya dakika 15 na 30. Mstari unaojitokeza baada ya hapo hauhesabiwi. Mstari wa T, yaani wa jibu, hata ukiwa umefifia, ukitokea kwa wakati wake, ni jibu chanya. Mstari wa C, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipoonekana, kipimo kimeharibika na kirudiwe.

Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo cha antijeni kitambue angalau asilimia 80 ya walioambukizwa na kitoe jibu sahihi kwa angalau asilimia 97 ya wasioambukizwa. Chukua watumishi 1,000, ambao 10 kati yao wana virusi: kipimo cha kiwango hicho kitawanasa 8, kitawakosa 2, na kitawasingizia takriban 30 wasio na virusi. Kwa sababu hiyo, mwenye jibu chanya abaki nyumbani huku akithibitishwa haraka kwa PCR, na mwenye jibu hasi asivue barakoa. Majibu apewe mhusika faraghani. Msimamizi wa wodi anahitaji kujua tu kwamba mtu huyo hatakuwepo kazini.

Aliyekaa karibu na mgonjwa bila kinga asipimwe siku hiyohiyo, maana virusi havijaongezeka vya kutosha kuonekana. Asubiri saa 24 ndipo apimwe, kisha arudie kila baada ya saa 48 hadi vitimie vipimo vitatu. Aliyepona karibuni naye asirudiwe kwa PCR bila dalili mpya, kwa kuwa mabaki ya virusi huweza kuonekana hata miezi mitatu.

Maambukizi katika jamii yakishuka sana, wanaosingiziwa huwazidi mno wanaonaswa, na hapo upimaji wa kila wiki usitishwe. Uingereza ilifanya hivyo mwishoni mwa Agosti 2022, ikabakiza upimaji wa wenye dalili na wa wodi zenye mlipuko.