Kabla hujafungua injini ya Beetle nyumbani

Injini ya Volkswagen Beetle humdanganya mtu kwa wepesi wake. Haina rejeta, haina maji, imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu, na watu wawili wenye jeki nzuri wanaitoa asubuhi moja. Ndiyo maana wengi huanza kuifungua Jumamosi kwa furaha, na mwaka unaisha injini ikiwa bado imelala vipande vipande kwenye maboksi. Injini za namna hiyo nimezikuta Jinja, Entebbe na hapa Kampala, na nyingi zilikwama kwa sababu moja: spea zilinunuliwa kabla vipimo havijachukuliwa. Kwa hiyo haya yote ni ya kufanya kabla spana haijagusa nati ya kwanza.

Anza kwa kuiuliza injini yenyewe kama kweli inataka kufunguliwa yote. Pima kompreshani, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje, kabureta ikiwa wazi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma chini ya kile kilichoandikwa kitabuni hata kama injini ni nzima. Usihangaike na namba ya kitabu, linganisha silinda kwa silinda. Iliyo chini ya wenzake itilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi au silinda zimekwisha. Isipopanda, tafuta kwenye valvu.

Na ukikuta silinda ya 3 ndiyo dhaifu, usishangae. Katika injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni na kinaizibia upepo silinda hiyo, ambayo ni ya kushoto upande wa flaiwili, lile gurudumu zito lililo kati ya injini na giaboksi. Valvu yake ya ekzosi huungua kabla ya zile nyingine. Tatizo kama hilo linaisha kwa kutoa hedi, kile kifuniko cha silinda chenye valvu, na hedi hutoka bila kupasua bloku, yaani bila kutenganisha pande mbili za ganda la injini. Ninasisitiza hili kwa sababu bloku nyingi nzuri zimepasuliwa bure kwa ugonjwa wa valvu moja.

Kipimo cha pili hakihitaji hata geji. Zima injini, inama nyuma ya gari, shika puli ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mikono miwili, uivute kwako halafu uisukume. Kranki inaruhusiwa kutembea kati ya milimita 0.07 na 0.13, ukomo ni 0.15, na kiasi hicho mkono haukihisi vizuri. Ukisikia "tok" ukivuta na "tok" ukisukuma, ujue kuna kazi. Huenda ni zile pete tatu nyembamba za nyuma ya flaiwili tu. Huenda pia beringi namba 1, ile ya upande wa flaiwili, imekuwa ikicheza kwenye kikalio chake mpaka imekula bloku, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa.

Bloku ndiyo moyo wa uamuzi wote. Imetengenezwa kwa magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine, ni nyepesi, lakini ni laini, na ikipata joto la kupita kiasi mara nyingi hupinda. Imegawanyika pande mbili, na kranki inashikwa katikati. Sehemu za kutazama ni chache na zinajulikana. Cha kwanza ni kikalio cha beringi namba 2, pale katikati, ambacho hupondwa na mapigo ya kranki. Kisha angalia nyuma ya silinda ya 3, mahali nyufa zinapopenda kuanzia. Mwisho ni matundu ya stadi, zile bolti ndefu zisizo na kichwa, zinazoshika silinda na hedi: ukiona stadi imeng'oka na unga wa kijivu umebaki kwenye nyuzi zake, ule unga ndio bloku yako. Tundu la hivyo hutobolewa upya na kuwekewa kishikizo cha chuma cha pua, na kazi hiyo si ya drili ya mkononi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua, tafuta fundi wa mashine. Katwe na Ndeeba, mitaa ya mafundi hapa Kampala, wapo watu wanaokata kranki kila siku, na kranki ya Volkswagen haitawashinda: ina milimita 55 kwenye beringi kubwa na kwenye konrodi, zile fimbo zinazoiunganisha na pistoni, na hupunguzwa kwa hatua za 0.25. Shida ni vikalio vya bloku, ambavyo upana wake asili ni milimita 65, na ambavyo lazima vichongwe vyote kwenye mstari mmoja. Nenda mikono mitupu, msalimie mzee mwenye mashine, umuulize taratibu: "Mzee, bloku ya Volkswagen unaipimaje?" Akikwambia aletewe pande zote mbili azifunge na nati zake zote kwa nguvu ya kitabu, ndipo aingize geji, umempata fundi. Akisema ataitazama kwa macho, mshukuru uendelee kutafuta. Bloku isiyofungwa haina kipimo.

Kutokana na hapo mpangilio wa kununua unajieleza wenyewe. Beringi za kranki huagizwa kwa kujua mambo matatu: kikalio cha bloku kimefika saizi gani, kranki imekatwa kiasi gani, na uso wa beringi namba 1 unahitaji unene gani. Kabla hujayajua hayo, seti yoyote utakayoletewa ni kamari. Silinda na pistoni huja kama seti moja. Siku hizi watu hawachongi silinda za zamani, hununua mpya, lakini hata hapo ni lazima ujue kama injini ni ya 1200, yenye silinda za milimita 77, au ya 1600, yenye 85.5. Soko la spea la Kisekka utapata oringi, bolti, mipira ya petroli na vitu vidogo, ila wauzaji wengi pale wanaishi kwa Toyota. Spea zenyewe za injini utaagiza nje, na tangu kuagiza hadi kulipia ushuru muda hupita. Ukilijua hilo mapema, hutaiacha bloku wazi ikisubiri mizigo.

Nafasi ya kazi. Sakafu ya saruji, paa lisilovuja, mlango wa kufunga kwa kufuli. Injini ina zaidi ya kilo 100, kwa hiyo tengeneza meza ya mbao nzito kabla ya siku ya kuitoa. Miezi ya mvua kuta za silinda mpya hushika kutu haraka, na kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali. Kwa vyote viwili dawa ni ileile: kila kilichooshwa kipakwe oili na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki siku hiyohiyo. Jerikeni la lita 20 likikatwa kwa urefu linakupa karai mbili za kuoshea. Oshea dizeli, si petroli, na sigiri ya chakula iwe mbali, upande mwingine wa ua.

Hapo kwenye moto nitakaa kidogo. Vumbi na vipande vyembamba vya magnesiamu vinawaka, na vikiwaka maji huviongezea nguvu. Usisage bloku kwa grenda nyumbani, na usimruhusu jirani mwenye nia njema aichomelee. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu na meza. Mpira wa petroli wa zamani nao utupe, hata kama unaonekana mzima. Unapita juu ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto wa plagi, na juu ya joto la injini, na Beetle nyingi zimeungua kwa sababu yake.

Vifaa si vingi, lakini vitatu havina mbadala. Cha kwanza ni toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Nati kubwa za bloku zinataka Nm (nyutoni-mita) 34, ndogo 20, konrodi 33, na hedi ni 25 au 32 kutegemea unene wa stadi. Nguvu hizi ni ndogo, na mkono uliozoea lori utang'oa nyuzi za magnesiamu bila kuhisi chochote. Cha pili ni soketi ya milimita 36 ya nati ya flaiwili, ambayo yenyewe inataka Nm 300. Toki renchi nyingi hazifiki huko. Mpini wa mita 1 ukivutwa kwa kilo 30 kwenye ncha unakupa nguvu hiyohiyo, na mizani ya kuning'iniza itakuhakikishia. Cha tatu ni geji yenye uso wa saa, ya kupima ule mwendo wa kranki siku ya kufunga. Fila geji na maikromita unaweza kuazima.

Kabla ya kutoa hata waya mmoja, piga picha. Piga mabati yote yanayoelekeza upepo kuzunguka silinda, kila skrubu, na mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini. Watu huyatupa mabati haya wakidhani ni urembo, hasa yale madogo yaliyo chini ya silinda. Injini hii haina kingine cha kuipoza ila upepo wa feni na oili, na upepo usipoelekezwa hupita pembeni. Kama gari lako limekuja bila mabati hayo, yaweke juu kabisa kwenye orodha ya kutafuta, mbele ya kabureta mpya. Mahali petu, na foleni ya Barabara ya Jinja saa kumi na moja jioni, injini isiyo na mabati itarudi mezani.

Soma pia logibuku, kitabu cha umiliki wa gari. Namba ya injini imepigwa kwenye bloku, chini ya kiti cha dainamo. Ikiwa bloku imekufa na utaweka nyingine, namba inabadilika, na kuishughulikia karatasi gari likiwa limesimama ni rahisi kuliko kuieleza mbele ya askari wa barabarani.

Kranki ikienda na kurudi kwa fundi, ifunge kwa blanketi na uibebe mwenyewe. Bodaboda ni mwepesi, lakini kranki ikigonga lami mara moja haitaaminika tena. Ikirudi, omba vipimo vilivyoandikwa, siyo vya mdomo. Hakikisha pia njia za oili za bloku zimefunguliwa vizibo vyake na kuoshwa ndani, kwa sababu unga wa kuchonga hujificha humo na injini hii haina filta ya oili, ina chujio la waya tu.

Oili inunuliwe mapema, lita 2.5 mara mbili, kwa kuwa ya kwanza utaimwaga baada ya kilomita 500. Gundi ya kuunganisha pande za bloku iwe ile nyembamba ya kazi hiyo. Silikoni inayominyika ndani hukatika na kwenda kuziba chujio. Mwambie mwenzako siku ya kuwasha awepo: mtazungusha injini bila plagi mpaka taa ya oili izime, mtarudisha plagi, na kama kemshafti, mhimili unaofungua valvu, ni mpya, mtaishika injini kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke, mmoja kwenye kabureta na mwingine akitazama uvujaji chini. Baada ya hapo iache ipoe usiku mzima, kisha upime nafasi ya valvu zote nane, milimita 0.15, injini ikiwa baridi.