SOMO: Kai-skwea kwa data za dodoso, kuanzia jedwali hadi sentensi ya sura ya nne

Wakuu, kila msimu wa tasnifu naulizwa jambo lile lile: "Nina dodoso, supavaiza kasema nipime uhusiano, nafanyaje?" Jibu ni kai-skwea (χ²), kipimo cha kuangalia kama vigeu viwili vinahusiana. Naandika mara moja hapa, na kuanzia leo atakayeniuliza namtumia kiungo tu.

Somo ni la wenye vigeu viwili vya makundi: jinsia, hali ya ndoa, ngazi ya elimu, ndiyo/hapana. Kama una umri kwa miaka au kipato kwa shilingi, usivikatekate makundi ili tu uipate kai-skwea. Vina vipimo vyake.

Mfano wetu (namba nimezitunga, msizinukuu): wafanyabiashara 200 wa sokoni, wanawake 120 na wanaume 80. Wanachama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) ni wanawake 78 na wanaume 32. Je, uanachama unahusiana na jinsia?

Hatua ya 1. Andika nadharia tete kabla hujagusa kompyuta: "Hakuna uhusiano kati ya jinsia na uanachama wa VICOBA."

Hatua ya 2. Chora jedwali.

| | Mwanachama | Si mwanachama | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wanawake | 78 | 42 | 120 |
| Wanaume | 32 | 48 | 80 |
| Jumla | 110 | 90 | 200 |

Hatua ya 3. Jaza IDADI YA WATU, SIO ASILIMIA. Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapokufa, kwa hiyo tulieni. Chukua watu 20 tu: wanawake 10, sita wakiwa wanachama, wanaume 10, wanne wakiwa wanachama. Kai-skwea yake ni 0.8, yaani hakuna kitu. Sasa mtu anaandika 60, 40, 40, 60 kwa sababu "ni asilimia, ni kitu kile kile". Kai-skwea inaruka hadi 8, na ghafla ana ugunduzi! Hakuna aliyegundua chochote. Umeiambia kompyuta kwamba umehoji watu 200 wakati umehoji 20. Kompyuta haitakuonya, itakupa p nzuri (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi kwa bahati tu, na ndogo ndiyo inayotafutwa) na utafurahi nayo hadi siku ya utetezi. Kipimo hiki kinahesabu vichwa, na kila kichwa kinakaa kwenye chumba kimoja tu cha jedwali. Ukijumlisha vyumba vyote usipopata idadi ya wahojiwa wako, simama hapo hapo.

Hatua ya 4. Tafuta idadi tarajiwa ya kila chumba: jumla ya mstari mara jumla ya safu, gawa kwa jumla kuu. Wanawake wanachama: 120 × 110 ÷ 200 = 66. Vingine ni 54, 44 na 36.

Hatua ya 5. Kila chumba: idadi halisi toa tarajiwa, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa tarajiwa. Jumlisha zote. Kwetu tofauti ni 12 kila chumba, hivyo 144/66 + 144/54 + 144/44 + 144/36 = 12.12.

Hatua ya 6. Linganisha na 3.84, mpaka wa jedwali la 2×2 (mistari miwili, safu mbili) kwa kiwango cha 0.05, yaani p isizidi 0.05. Tumeuvuka, nadharia tete inakataliwa.

Hatua ya 7. Andika: "Wanawake walikuwa wanachama wa VICOBA (65%) zaidi ya wanaume (40%), χ²(1, N = 200) = 12.12, p < 0.001, fai = 0.25." Asilimia zinaingia HAPA, kwenye maelezo. Fai (kai-skwea gawa kwa N, yaani idadi ya watu wote, kisha kipeuo cha pili) inaonyesha uhusiano una nguvu kiasi gani. P haisemi hilo. Na SPSS (programu ya takwimu) ikikuonyesha .000 usiandike p = 0.000, andika p < 0.001.

Wa SPSS: Analyze, Descriptive Statistics, Crosstabs. Tia tiki Chi-square na Phi, halafu kwenye Cells weka Expected.

---

mwana_masters: Mkuu asante sana. Mimi niliingiza asilimia, p imetoka 0.004. Naendelea tu?

Mwandishi: Hatua ya 3.

mwana_masters: Lakini supavaiza hajasema kitu.

Mwandishi: Supavaiza kaona p, hajaona jedwali. Mtahini wa nje ataomba jedwali. Rudi kwenye madodoso uhesabu watu.

Binti wa Pangani: Shikamoo mwalimu. Hiyo 1 kwenye mabano imetoka wapi? Vyumba si vinne?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri hilo. Ni nyuzi za uhuru: (mistari toa 1) × (safu toa 1). Funika jedwali letu, acha jumla za pembeni na ile 78 peke yake. 120 toa 78, unapata 42. 110 toa 78, unapata 32. Kinachobaki ni 48. Chumba kimoja kikijulikana, vingine havina pa kukimbilia, kwa hiyo kilichokuwa huru ni kimoja. Usijione mgeni kwa kujiuliza hivyo: Karl Pearson aliyeleta kipimo hiki mwaka 1900 mwenyewe angehesabu 3 hapo. Ni Ronald Fisher aliyemsahihisha mwaka 1922, na mzee Pearson hakufurahi hata kidogo.

Kaka Mbeya: Wewe unasema 12.12, programu ya R inanipa 11.13. Somo lako lina makosa.

Mwandishi: Somo halina makosa. Kwa 2×2, R inaweka sahihisho la Yates, linaloipunguza kai-skwea kidogo, bila kukuuliza. Andika correct = FALSE utaipata 12.12. SPSS inatoa zote mbili, ile ya pili iko mstari wa Continuity Correction. Chagua moja, useme umetumia ipi.

Otieno_K: Ndugu, chini ya jedwali langu SPSS imeandika kwamba 33% ya vyumba vina tarajiwa chini ya 5. Nina hali ya ndoa makundi sita.

Mwandishi: Umefanya vizuri kusoma hadi chini, wengi hawafiki. Kawaida tunakubali visizidi 20%, na kisiwepo hata kimoja chini ya 1. Unganisha makundi yanayofanana kimaisha: wajane na waliotalikiana wanaweza kukaa pamoja ikiwa swali lako ni la kuishi bila mwenzi. Usiunganishe wajane na wasiowahi kuoa au kuolewa kwa sababu tu wote ni wachache. Kama ni 2×2, tumia kipimo halisi cha Fisher.

Mama Junior: Dodoso langu lilisema "weka alama zote zinazokuhusu". Wahojiwa 150, majibu 410.

Mwandishi: Hapo mtu mmoja yuko vyumba vitatu. Kila chaguo ligeuze swali lake la ndiyo/hapana, fanya jedwali moja moja, kila moja lifike 150. Majedwali yakiwa mengi, moja litavuka mpaka kwa bahati tu, kwa hiyo kaza kiwango: 0.05 gawa kwa idadi ya majedwali.

dotto_dotto: Unanifanyia kwa bei gani?

Mwandishi: Sifanyi.

Binti wa Pangani: Na asiye na hela ya SPSS?

Mwandishi: Jamovi, dada. Ni programu ya bure, na kai-skwea iko chini ya Frequencies. Kama bado hujaenda uwandani, tengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, swali la jinsia liwe la kuchagua jibu moja na la lazima.

Mama Junior: Kobo inafanya kazi kijijini bila mtandao?

Mwandishi: Ndiyo, fomu ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, utatuma majibu ukirudi. Beba pawabenki.