DAC na Hedifoni Tanga: Sauti Safi Kwenye Hewa ya Chumvi

DAC, kifaa kidogo cha sauti, ina kazi moja tu: inapokea namba kutoka kwenye simu au kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme unaotikisa spika ndogo za hedifoni. Hata ya bei ya kawaida siku hizi huifanya kazi hiyo vizuri mno. Ukisikia sauti mbovu, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kosa liko kabla yake au baada yake: kwenye faili, kwenye mpangilio wa simu, kwenye pini iliyoshika kutu, au kwenye hedifoni isiyokaa sawasawa sikioni.

Anza na faili. Taarab ya zamani ya Tanga, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, inazunguka kwenye simu za watu ikiwa MP3 iliyobanwa, ikabanwa tena. CD hupima sauti kwa biti 16, mara 44,100 kwa sekunde (kilohezi 44.1), karibu MB 10 kwa kila dakika ya muziki. MP3 ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 128 inabakiwa na takriban MB 1. Katika kubana huko, sauti za juu kupita kilohezi 16 hivi ndizo zinazotupwa kwanza, na vinavyobaki juu huchakaa: rika inasikika kama maji yanayochuruzika badala ya vibati vinavyogongana. Tafuta FLAC, faili iliyobanwa bila kupoteza sauti yoyote, au MP3 ya kbps 320. Ukikuta FLAC ya mashaka, ifungue kwenye programu ya Spek inayochora picha ya sauti. Picha ikikatika ghafla kama ukuta kwenye kilohezi 16, hiyo huenda ni MP3 iliyovalishwa kanzu ya FLAC, na kilichopotea hakirudi. Ila mvumo wa tepu kwenye rekodi za zamani ni sehemu ya rekodi yenyewe. DAC nzuri itauonyesha wazi zaidi, na hapo haijakosea.

Kwenye simu za Android, mfumo kwa kawaida huchukua muziki wa kilohezi 44.1 na kuupeleka kwenye 48 kabla haujafika kwenye DAC. Programu kama USB Audio Player Pro huongea na DAC moja kwa moja na kuukwepa mlango huo. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya sauti, chagua DAC yako, weka biti 24 na hezi 44100, kisha zima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi na mwangwi. Tofauti ya 44.1 na 48 ni ndogo, usiikoseshee usingizi. Vikorombwezo ndivyo vinavyoharibu kweli. Na kama simu haiioni DAC kabisa, geuza waya wa OTG, ule unaounganisha simu na kifaa cha USB: upande wenye alama ya OTG ndio unaoingia kwenye simu.

Sasa volyumu. Kama DAC au amplifaya yako ina kitufe cha kuzungusha, vua hedifoni, punguza kitufe hadi sifuri, pandisha volyumu ya simu hadi mwisho, kisha vaa na uongeze taratibu kwa kitufe. Sababu ni hii: kila desibeli 6 unazopunguza kwenye njia ya biti 16 zinakula biti moja ya muziki. DAC ikipokea biti 24 hasara hiyo haisikiki, kwa hiyo mwenye kidubwasha kidogo kisicho na kitufe asihangaike. Ukiongeza besi kwa desibeli 5 kwenye ikwalaiza, shusha volyumu ya jumla ya ikwalaiza hiyo kwa desibeli 5 vilevile. Usipofanya hivyo vilele vya muziki vitagonga dari na besi itapasuka, hata kwenye kifaa cha gharama kubwa.

Hedifoni nayo lazima iendane na DAC. Soma namba mbili kwenye boksi: omu, yaani ukinzani wake kwa umeme, na desibeli kwa miliwati, yaani ukubwa wa sauti inayotoa ikipewa nguvu ya miliwati moja. Hedifoni ya omu 32 yenye desibeli 100 kwa miliwati, ikipewa volti 1, inapata miliwati 31 na kufika desibeli 115. Hiyo ni zaidi ya mahitaji ya mtu yeyote. Hedifoni ya omu 300 yenye desibeli 97, kwa volti hiyohiyo 1, inapata miliwati 3 na kitu na kuishia desibeli 102 kwenye vilele. Rekodi iliyopigwa kwa upole itakuwa dhaifu, na hapo ndipo amplifaya inahitajika. Tazama pia omu za tundu la DAC lenyewe: zisizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, tundu lisivuke omu 4, la sivyo besi inaweza kuvimba na kulegea. Nguvu ikiwa nyingi, kumbuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu.

Ukisikia mngurumo wa chini, chomoa chaji ya laptopu. Ukikoma, umeme wa ukutani ndio chanzo, hasa pale laptopu na amplifaya zinapokuwa kwenye soketi mbili tofauti. Ziweke kwenye ekstensheni moja. Ikiwa bado, tumia waya wa mwanga kama vifaa vyako vinao, kwa sababu haupitishi umeme. Usikate wala kufunga pini ya ethi kwa ajili ya kuondoa mngurumo; pini hiyo inalinda roho yako. Mlio wa tiriri-tiriri ni simu inayotafuta mtandao: iweke kwenye hali ya ndegeni au isogeze mbali kidogo.

Yote hayo yanaweza kumtokea mtu wa Dodoma pia. Letu sisi wa Tanga, hasa wa Raskazone na kandokando ya bahari, ni chumvi. Upepo unaiingiza ndani, unyevu unaigandisha kwenye shaba, na tundu la milimita 3.5 ndilo linaloumia kwanza. Dalili yake ni ya ajabu: ghafla mwimbaji anapotea, unabaki na vyombo na mwangwi wake kwa mbali, kama amehamia chumba cha pili. Waya wa pamoja wa kushoto na kulia umepoteza mguso, kwa hiyo unasikia tofauti ya pande mbili tu. Sauti ya mwimbaji iko sawa pande zote, basi inajifuta yenyewe. Wengi hudhani DAC imekufa.

Chomoa kila kitu. Lowesha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi; ya 70 ina maji mengi, na spiriti ya rangi huacha utando. Futa pini hadi pamba itoke nyeupe, ukizingatia mikanda myeusi inayotenganisha pete, maana uchafu hujificha pembeni yake. Kwa tundu, tumia brashi ndogo ya kusafishia katikati ya meno, iwe na unyevu tu, isidondoke. Ingiza, zungusha mara tatu, toa. Chomeka pini na kuichomoa mara kumi, kisha acha pakauke dakika 15 kabla ya kuwasha. Usitumie msasa, unakwangua dhahabu ya juu na kutu itarudi kwa kasi zaidi. Wala usipake mafuta ya nazi, hukusanya vumbi.

Ukimaliza kusikiliza, weka DAC kwenye kopo la chakula lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Mchele una vumbi, uache jikoni.

Mwisho angalia hedifoni inavyokaa. Bonyeza vikombe polepole kwa viganja: besi ikiongezeka, hewa inavuja. Sifongo zilizopasuka kwa joto na jasho zibadilishwe. Mikono ya miwani na kitambaa cha ushungi chini ya sifongo pia huvujisha besi. Mwenye ushungi atapata sauti nzuri zaidi kwa hedifoni za kuingia sikioni, akijaribu saizi zote za mipira. Kisha piga wimbo unaoujua vizuri. Mwimbaji akae katikati ya kichwa. Akielemea upande mmoja, geuza hedifoni, kushoto iwe kulia. Akihama pamoja na kikombe, kosa liko kwenye hedifoni, pini au tundu. Akibaki upande uleule wa kichwa, kosa ni mkao wa hedifoni au sikio lenyewe.