Barua ya VA Ikikunyima Matibabu: Anza na Tarehe, Kisha Sababu

Wapo Waafrika Mashariki walioingia jeshi la Marekani wakiwa na grini kadi, wakatumikia kwa uaminifu, na leo wameshika barua ya Idara ya Maveterani, yaani VA, inayosema kuwa hawastahili matibabu yake. Tafadhali usiifungie barua hiyo kabatini kwa uchungu. Chukua kalamu, uzungushie duara tarehe iliyochapwa juu, kwa sababu mwaka 1 wa kukata rufaa unahesabiwa kuanzia hapo, wala si kuanzia siku ulipofungua bahasha. Kisha pigia mstari sentensi inayotaja sababu, maana ndiyo itakayokuonyesha njia ya kupita.

Ikiwa sababu ni muda wa utumishi au namna ulivyoachishwa jeshi, toa DD214, yaani cheti chako cha kuachishwa jeshi, ukilinganishe na barua: kisanduku cha 12 kinaonyesha muda uliotumikia, cha 24 kinaonyesha sifa ya utumishi wako. Ukiona ushahidi wote ulikuwapo ila aliyeamua alikosea, omba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996, lakini ujue kwamba hapo hupokelewi karatasi mpya hata moja. Ukiwa na ushahidi mpya unaohusika, kama vile ripoti ya daktari au maelezo yaliyotiwa saini na mwenzako wa kikosi, njia yako ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, na hati yoyote ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza. Njia ya tatu ni kwenda mbele ya jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani kwa fomu 10182. Kwa kawaida hii huchukua muda mrefu zaidi.

Walionyimwa kwa sababu kipato chao ni kikubwa wasome hapa kwa makini. Sheria ya PACT ya 10 Agosti 2022 inawatambua waliotumikia Somalia tangu 2 Agosti 1990 na Djibouti tangu 11 Septemba 2001 kuwa walikuwa katika maeneo yenye moshi na sumu, na tangu 5 Machi 2024 veterani aliyekumbana na sumu kazini anaweza kujiandikisha, hata kama kipato chake kimezidi kiwango, bila kwanza kudai fidia ya ulemavu, mradi atimize masharti ya msingi ya utumishi. Kwa hiyo aliyekataliwa kabla ya hapo huenda hahitaji rufaa kabisa, bali kujaza upya fomu ya kujiandikisha, 10-10EZ.

Ikiwa umeshaandikishwa na daktari ndiye aliyekataa tiba fulani, hilo si la Bodi. Mwone mtetezi wa wagonjwa katika hospitali yako ya VA, umwombe akufungulie rufaa ya kitabibu, yaani ya kupinga uamuzi huo wa daktari.

Usijaze fomu za rufaa peke yako. Vyama vya maveterani kama DAV na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa na VA, nao hawatozi hata senti.