Safari ndefu ya baiskeli? Pitia kwa waliokufunza kazi

Ukipanga safari ndefu ya baiskeli, tuseme Dar hadi Moshi, usihesabu kilomita na nyumba za wageni tu. Angalia pia ni nani kati ya waliokufunza kazi anaishi njiani siku hizi. Wastaafu wengi wamerudi kwao, Korogwe, Mombo, Same, na wewe umepata sababu ya kupiga hodi.

Mpigie siku mbili kabla, si ukiwa getini. Mzee atataka kujiandaa, nawe utataka kufika umeoga (jasho la barabara ya Chalinze si la kusalimia watu). Juni hadi Septemba ni msimu wa kusi, mara nyingi upepo utakuwa mgongoni. Ondoka alfajiri, jua likikaza kaa kivulini, na hapo ndipo pa kuwapigia walio mbali na njia.

"Asante kwa yote" haitoshi. Baada ya shikamoo, mtajie jambo moja: "Bosi, ile ripoti ulinirudishia mara tatu mpaka hesabu zikakaa sawa. Hadi leo sisaini kitu bila kukipitia upya." Kisha nyamaza umsikilize, visa atakuwa navyo.

Begi la nyuma liachie nafasi. Hutaruhusiwa kuondoka mikono mitupu.