Ukiwa na siliaki Zanzibar: uliza kimepikwaje

Assalamu alaikum. Nakaa Unguja, napika nyumbani oda za futari na za shughuli, na mwenyewe nina siliaki. Kabla ya kujulikana nilimezeshwa vidonge vya kuongeza damu miaka na miaka, damu haipandi. Nayaandika haya kwa aliyeambiwa jana na bado hajui pa kuanzia.

Kwanza tuelewane. Ukiwa na siliaki, gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), huifanya kinga ya mwili wako iushambulie utumbo wako mwenyewe. Vijinywele vya utumbo mdogo vinavyofyonza chakula vinalika, unakula unashiba na madini ya chuma huyapati. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Sisi tumejaaliwa: wali, muhogo, majimbi, shelisheli, samaki wa nazi, vyote ni vyetu na ni salama. Kinachotuumiza ni kile kijiko cha unga ambacho mpishi hata hakihesabu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuacha

Kipimo cha damu kinaitwa tTG-IgA. Kiandike kwenye karatasi umpelekee daktari. Ukiacha ngano mapema, kipimo kinaweza kusema huna kitu na wewe unaumwa. Inatakiwa uwe unaila kila siku, angalau wiki 6, kabla ya kutolewa damu. Kama umeshaacha na ukila unaumwa sana, usianze tena bila kuongea na daktari.

Hatua ya 2: Tenga vyombo

Mwiko wa mbao, chungio, kibao cha kusukumia na kikaango chenye mikwaruzo havisafishiki vikatoka unga wote. Nunua vyako, vifunge kitambaa chekundu, kila mtu nyumbani ajue. Sufuria za bati na sahani zinaoshwa kwa sabuni, basi. Mafuta yaliyokaangia sambusa au kaimati usiyarudie kwa muhogo wako.

Hatua ya 3: Ogopa mashine ya kusaga

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Nilikuwa napeleka mchele wangu mashine ya mtaani, narudi na unga mweupe, nakaanga vitumbua kwa furaha, na tumbo linaniuma vile vile. Siku moja nikasimama karibu. Aliyenitangulia alisaga ngano ya boko-boko. Mwenye mashine akagonga mdomo wa mashine mara mbili kwa kiganja, vumbi likaruka, akamimina mchele wangu. Unga wa yule ulitoka kwanza, ukaingia kwenye ndoo yangu.

Sasa naroweka mchele usiku, naukausha kwenye ungo, natwanga kwa kinu changu au nasaga kwa blenda. Kuusaga kwanza mchele wa kutupa ili usafishe mashine kunapunguza tu, hakuondoi. Unga wa dengu na wa mtama wa dukani nao umepita mashine hizo hizo. Na unga wa lishe usiusogelee mpaka ujue kilichochanganywa, maana wengi hutia ngano na shayiri.

Hatua ya 4: Uliza namna ya kupika

Ukimuuliza muuzaji wa urojo, "Bi, mna ngano humu?" atakujibu hamna, na hakudanganyi. Yeye ngano anaijua kuwa ni boflo na chapati. Muulize hivi: "Urojo wako unaufanya mzito kwa nini?" Hapo ndipo utasikia: unga wa ngano unakorogwa kwa maji kwenye bakuli, unamiminwa sufuriani huku ukikorogwa usifanye madonge.

Swali ni lile lile kwa kila kitu. Kababu umezishikisha kwa nini? Wengi huroweka boflo. Mkate wa kumimina umetia kijiko cha unga ili usimame? Mkate wa mofa ni mtama mtupu? Halua ni wanga gani? Mishkaki imelala kwenye sosi ya soya? Sosi hiyo kwa kawaida hutengenezwa na ngano. Na mvuje wa unga ule wa kopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Nunua ule mtupu usiochanganywa.

Ugenini ni kugumu zaidi, kwani kukataa chakula cha mtu ni kumvunjia heshima. Mimi humpigia mwenye shughuli siku mbili kabla: "Mama, nakuja inshallah, ila nina maradhi ya utumbo, niwekee wali mweupe pembeni kabla haujachotwa." Hakuna aliyewahi kukasirika.

Hatua ya 5: Soma paketi

Tafuta wheat, barley, rye, malt, semolina. Bidhaa za Dubai na Omani ukisoma Kiarabu cha chuoni utayaona: qamh ni ngano, sha'ir ni shayiri. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi ni shayiri, viache. Neno shayiri lenyewe linatuchanganya, maana madukani oti nazo huitwa hivyo. Oti za kawaida huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, ziache pia. Paketi inayosema haina gluteni, kiwango cha kimataifa ni isizidi miligramu 20 kwa kilo.

Hatua ya 6: Sauti za WhatsApp

"Kidogo hakidhuru." Kipande cha boflo kina gluteni kama gramu 2. Miligramu 50 kwa siku, sehemu ya 40 ya kipande hicho, zikiliwa miezi 3 zinatosha kuharibu utumbo.

"Habasoda inaponya." Ile habasoda, kula ukipenda, lakini hairuhusu chapati. Hata vidonge vya kusaga gluteni tumboni haviruhusu.

"Ni ugonjwa wa Wazungu." Watoto wa Sahara Magharibi ni miongoni mwa wanaougua kwa wingi zaidi duniani.

"Mchele wa kunata una gluteni." Hauna. Unata kwa wanga wake.

Hatua ya 7: Waambie ndugu wa damu

Mzazi, ndugu na mtoto wa mgonjwa, takriban 1 kati ya 10 huwa nayo. Mdogo wangu alicheka nilipomwambia, hajawahi kuumwa tumbo hata siku moja. Alikwenda kupima ili aniridhishe tu. Sasa tunatwanga mchele pamoja kila Ijumaa.