Jinsi ya kuelewa nani anaamsha seli za kinga

Usianze na majina ya molekuli, utachoka bure, we fuata swali moja tu: nani anaiambia seli ianze kupigana? Anza na wanasayansi wa kinga hawa, mmoja mmoja. Burnet 1957: seli inayomtambua mvamizi ndo inazaliana. Bretscher na Cohn 1970 wakasema ishara moja haitoshi kuiamsha seli, lazima mbili.

Kwa Janeway 1989 kaa sana aisee. Ukimchoma panya sindano ya protini safi, mara nyingi kinga inalala tu, ila ichanganye na mafuta yenye bakteria wa TB waliouawa, inawaka, kwa hiyo akasema kuna seli za mwanzo zinazosoma alama za vijidudu ndo zinatoa ruhusa.

Kisha Matzinger 1994: kengele inapigwa na seli zetu zilizoumia. Huyu mi namkubali, anagusa hata kwa nini mwili unakishambulia kiungo kilichopandikizwa bila kijidudu chochote.